Tairi Lipi la Kununulia Skuta Kisumu: Kuanzia Linalofaa Zaidi Hadi Lisilofaa Kabisa

Gurudumu la skuta ni dogo, na ushauri mwingi unaofuata hapa unatokana na udogo huo. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia rimu za inchi 17 au 18, ilhali skuta hutumia za inchi 10 au 12, kwa hiyo shimo ambalo mwenye boda hulivuka kwa mtikisiko mmoja laweza kulinasa gurudumu la skuta na kuipinda rimu. Gurudumu dogo pia huzunguka mara nyingi zaidi katika kila kilomita, na lile la nyuma hubeba injini, mwendeshaji, abiria wake na pengine mzigo wa soko la Kibuye, ndiyo maana tairi lake huisha kabla ya lile la mbele. Mpangilio nitakaoutoa unamlenga mtu mwenye skuta ya kawaida yenye injini ya sisi (cc) 110 au 125, anayekwenda kazini kila siku kutoka Mamboleo, Nyalenda au Kibos, na ambaye mwisho wa wiki hutoka nje ya mji kuelekea Ahero, Maseno au Kiboswa.

Kabla hujauliza bei, chuchumaa kando ya skuta yako usome ubavu wa tairi lililopo. Utakuta maandishi kama 90/90-12 54J. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana huo kwa asilimia, na 12 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 54 inamaanisha kwamba tairi hilo linaweza kubeba kilo 212, na herufi J inaonyesha kwamba limetengenezwa kwa mwendo usiozidi kilomita 100 kwa saa. TVS Jupiter 110 hutumia 90/90-12 mbele na nyuma, lakini TVS Ntorq 125 hutumia 100/80-12 mbele na 110/80-12 nyuma, na Honda Activa nyingi zina rimu ya inchi 10 nyuma. Basi usikubali kuuziwa jozi ya matairi yanayolingana kwa sababu tu yamefungwa pamoja kwa kamba dukani. Usikubali pia kushawishiwa kwamba tairi nene zaidi ni bora zaidi, kwa kuwa nafasi kati ya tairi la nyuma na kasha la injini ni finyu mno, na tairi lililozidi kipimo laweza kulisugua kasha hilo au madigadi pindi unapobeba abiria.

Jambo la pili la kusoma ni umri. Ubavuni kuna herufi DOT zikifuatwa na msururu wa herufi na tarakimu, na zile tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Kwa maoni yangu, tarakimu hizo nne zina uzito zaidi kuliko jina la kampuni. Mpira huzeeka hata kama haujaguswa na barabara, na jua la Kisumu, ambamo wauzaji wengi huyaanika matairi yao mbele ya duka ili wapita njia wayaone, huharakisha uzee huo. Ukimuuliza muuzaji, atakuambia, “Hii ni mpya kabisa, madam, haijawahi kuguswa,” na huenda anasema kweli, ila tairi ambalo halijaguswa kwa miaka sita si tairi jipya. Likunje kidogo kwa mikono miwili, utazame chini ya mifereji yake. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, au ukibonyeza kwa ukucha na mpira ukawa mgumu usioacha alama yoyote, mshukuru na uende duka linalofuata. Mimi sinunui tairi lililozidi miaka mitatu tangu litengenezwe, hata likipunguzwa bei.

Nafasi ya kwanza: tyubulesi jipya la kipimo cha kiwanda, lenye mifereji mipana

Tyubulesi ni tairi linaloshika upepo lenyewe bila tyubu ndani. Hili ndilo ningemshauri karibu kila mwenye skuta ya kisasa yenye rimu nzima, yaani rimu isiyo na spoksi wala isiyounganishwa kwa bolti katikati. Faida yake kubwa huonekana siku ya msumari. Tyubu ikitobolewa, upepo hutoka kwa ghafla kupitia tundu la vali na kuzunguka rimu, na skuta huanza kuyumba kabla hujapata nafasi ya kusogea pembeni. Juu ya gurudumu la inchi 10, na lori la miwa likiwa nyuma yako, hiyo si hali ya kuiombea mtu yeyote. Katika tyubulesi, msumari ule ule mara nyingi hubaki umeziba tundu ulilolitoboa, upepo ukapungua polepole, nawe ukawa na muda wa kumfikia fundi.

Ziba la tyubulesi halihitaji gurudumu kufunguliwa. Fundi hupaka maji ya sabuni juu ya uso wa tairi, husubiri povu lionyeshe penye tundu, huung'oa msumari kwa koleo, hukwangua tundu kwa kekee ndogo kisha husukuma ndani utepe wa mpira uliopakwa gundi na kuukata ncha. Kwa skuta hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kulitoa gurudumu la nyuma mara nyingi humaanisha kuondoa kwanza bomba la moshi na mkono wa chuma ulioshikilia ekseli, kazi ambayo mafundi wa bodaboda wa kando ya barabara hawaipendi na hukulipisha kwa kutoipenda. Elewa lakini kwamba ziba la utepe ni la uso wa tairi pekee. Tundu likiwa ubavuni, au likiwa pana kuliko milimita 6 hivi, tairi hilo limekwisha kazi, na fundi yeyote anayekuambia vingine anataka tu kumaliza na mteja.

Ninasisitiza mifereji mipana kwa sababu ya mahali tulipo. Mvua ya alasiri hutujia kwa kishindo, hasa kati ya Machi na Mei, na dakika chache za mwanzo ndizo hatari zaidi, kwa kuwa maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyokuwa yamelala juu ya lami. Pande za Kibos, Miwani na Chemelil kuna pia mabaki ya miwa yaliyoangushwa na matrekta, ambayo magari huyasaga hadi yakawa utelezi. Mfereji mpana na wenye kina huyapa maji na uchafu njia ya kutokea, na ukiingia kwenye barabara ya vumbi ya mtaani haujai kokoto upesi. Miundo ya namna hii, ambayo si ya lami tupu wala si ya shambani, hutengenezwa na kampuni za India kama MRF, CEAT na TVS Eurogrip, kwa kuwa India ni nchi yenye skuta nyingi mno na barabara zake haziko mbali na zetu.

Kasoro yake moja isemwe kweli: tyubulesi hutegemea rimu iliyonyooka. Ukiingia shimoni kwa kishindo, ukingo wa rimu ya aloi ukajikunja hata kidogo, upepo utaanza kupotea kila usiku na hakuna ziba la kuutibu. Dawa iko katika uendeshaji. Punguza mwendo kabla ya shimo, kisha achilia breki unapolifikia, kwa sababu breki iliyobanwa huinamisha skuta mbele na kuiongezea rimu uzito wakati usiofaa kabisa.

Nafasi ya pili: tyubulesi la lami

Hili lina uso laini zaidi wenye mifereji michache, na kwenye lami kavu hushika vizuri kuliko lile la kwanza. Anayeishi Milimani, anafanya kazi karibu na Barabara ya Oginga Odinga na haendi popote pasipo na lami anaweza kulipandisha hadi nafasi ya kwanza bila kosa. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaishi hatua chache kutoka kwenye lami, na hatua hizo chache zikilowa ndizo zinazoangusha watu.

Nafasi ya tatu: tairi jipya la tyubu, pamoja na tyubu mpya

Kwa baadhi ya skuta hili si chaguo bali ni lazima. Vespa PX na jamaa zake hutumia 3.50-10 juu ya rimu ya vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti, na upepo usiozuiwa na tyubu ungepenya kwenye maungio. Rimu yenye spoksi za kawaida nayo huvuja kwenye kila tundu la spoksi. Wenye skuta hizo wanunue tyubu mpya kila wanapobadilisha tairi, kwa maana tyubu ya zamani imekwisha kutanuka na hujikunja ndani ya tairi jipya, kisha hukatika penye mkunjo. Ubora wa tairi hili ni kwamba tyubu hupatikana na huzibika popote, hata katika kituo kidogo cha soko kisicho na zana zozote ila pampu ya miguu na beseni la maji.

Nafasi ya nne: tairi la meno makubwa

Vijana hulipenda kwa sura yake. Kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano wakati wa mvua lina msaada kwa muda mfupi, mpaka udongo huo unaonata ujaze nafasi zote kati ya meno na gurudumu ligeuke bonge la tope. Kwenye lami lina mngurumo, lina sehemu ndogo inayogusa barabara, na unapofunga breki kwa nguvu meno yake hupindika. Skuta haina kimo wala springi za kuendea mashambani, kwa hiyo tairi hili huigharimu mjini bila kuifaidi kijijini. Mwalimu anayefundisha ndani ndani ya Nyakach na ambaye hakanyagi lami siku nzima ndiye pekee ninayeweza kumwelewa akilinunua.

Nafasi ya tano: tyubulesi lililotiwa tyubu

Utapewa shauri hili siku utakapokuwa na pancha kubwa na haraka. Ndani ya tyubulesi kuna mistari na vinundu vinavyoisugua tyubu muda wote gurudumu linapozunguka, msuguano huo huzaa joto, na joto ndilo adui wa kwanza wa mpira. Zaidi ya hayo unakuwa umeirudisha ile hatari ya upepo kutoka kwa ghafla ambayo ulilipia tyubulesi ili uiepuke. Kubali akutilie ili ufike nyumbani kwa mwendo wa pole, kisha wiki hiyo hiyo ununue tairi jingine au urekebishe rimu.

Nafasi ya mwisho: tairi lililotumika, na lililochongwa upya

La kutumika halionyeshi lilipita wapi. Nyuzi za ndani huweza kuwa zimekatika kwa shimo la mtu mwingine huku nje pamepakwa rangi nyeusi ya kung'aa. Lililochongwa ni baya zaidi, kwa sababu mifereji yake imekatwa kwa kisu cha moto ndani ya mpira mwembamba uliobaki kuzilinda nyuzi. Utalitambua kwa mifereji isiyo na vile vinundu vidogo vya kuonyesha kikomo cha kuchakaa, au mifereji yenye kingo zilizokwaruzwa na vina visivyolingana. Bei yake isikushawishi hata ikiwa robo ya jipya.

Ukishachagua, patana bei pamoja na kazi ya kufunga na vali mpya ya mpira, maana vali ya zamani iliyopasuka shinani humaliza upepo wa tairi zuri. Simama karibu fundi anapofunga. Mshale ulioko ubavuni unapaswa kuelekea upande gurudumu linakozunguka skuta ikienda mbele, na anapojaza upepo utasikia mlio wa “pa!” mara mbili, kila mmoja ukiashiria kwamba ukingo mmoja wa tairi umekaa kwenye rimu. Mlio ukiwa mmoja tu, mwombe alizungushe utazame kama mstari ulio karibu na rimu una umbali sawa pande zote.

Usiache upepo ujazwe kwa mazoea ya boda au ya gari. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko cha skuta au kitabu chake, na cha mbele hutofautiana na cha nyuma. Honda Activa, kwa mfano, huhitaji upepo wa PSI (kipimo cha shinikizo) 22 mbele na 29 nyuma, na nyuma hupandishwa hadi 36 ukiwa na abiria. Tairi jipya hutoka kiwandani likiwa na utelezi, kwa hiyo katika kilomita 100 za kwanza usilaze skuta sana kwenye kona wala usifunge breki kwa ghafla, hasa ukiteremka kutoka Kiboswa. Baada ya wiki moja rudi kwa fundi asubuhi, tairi likiwa bado baridi, apime upepo tena na kuhakikisha kwamba nati ya ekseli haijalegea.