Siku tatu jahazini, Kilwa Masoko hadi Songo Mnara

Kikoba chetu cha Morogoro kina wanawake tisa. Tulipovunja mwaka jana hatukugawana faida yote. Sehemu tuliiacha sandukuni, tukakubaliana itupeleke baharini, na tukilala tulale humo humo majini. Tulikwenda saba. Mimi ndiye mweka hazina, na daftari la matumizi lilikuwa mkononi mwangu tangu Mbagala tulikopanda basi la Kilwa hadi tuliporudi, kwa hiyo bei ninazotaja ni zile tulizolipa.

Tulichonunua ni hiki: jahazi la tanga lenye injini ya kusaidia, siku tatu na usiku mbili, chakula chote ndani, Kilwa Masoko hadi kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kisha kisiwa cha Songo Mnara, vyote viwili vyenye magofu ya miji ya kale, kisha kurudi. Laki mbili na sitini kwa kichwa. Kiingilio cha magofu hakimo humo. Kibali hukatwa Masoko kabla ya kuvuka, na raia halipi sawa na mgeni, basi usisahau kitambulisho.

Nianze na baya. Dalali aliyetuuzia safari alisema kila abiria ana jaketi lake la kuokolea maisha. Asubuhi tulipofika pwani tukakuta manne, na moja kati ya hayo ni la mtoto, mkanda umekatika. Dalali akasema bahari shwari, twendeni tu. Nahodha ni mtu wa makamo, na mpaka hapo hatukuwa tumemsikia akisema zaidi ya kuitikia salamu. Akashuka, akakaa juu ya gunia la mkaa. "Mama zangu, mimi sing'oi nanga." Basi. Dalali akapandisha sauti, yeye akabaki amekaa. Baharia mmoja akaenda kuazima kwa wavuvi, akarudi baada ya saa nzima na majaketi saba begani. Kumi kamili, sisi saba na wao watatu. Hapo ndipo tanga likatwekwa, na katibu wetu, ambaye hajui kuogelea na alikuwa ameshaanza kulia, akapanda.

Kisiwani ni ng'ambo tu ya Masoko, hata hujakaa vizuri umefika. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipita hapa mwaka 1331 akausifu mji. Msikiti Mkuu bado una kuba zake, na ukisimama chini yake wakati wa jua kali unasikia ubaridi wa mawe ya matumbawe mgongoni. Lakini mimi kilichonikamata ni habari ya sarafu. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, za shaba, zenye jina la sultani na maneno yenye vina: upande mmoja unaanza, wa pili unaitikia. Moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, iliokotwa Zimbabwe Kuu, bara kabisa, kule ilikotoka dhahabu iliyoitajirisha Kilwa. Ninahesabu fedha za watu tisa kila Jumamosi, na nilikaa pale kwenye ukuta nikiwawaza walioshika hesabu za mji ule. Wenzangu walinisubiri sana.

Usiku wa kwanza tulilala humo chomboni, nanga chini. Mikeka juu ya mbao, turubai juu yetu. Maji hugonga ubao sentimita chache kutoka sikioni, tena si kwa mpigo mmoja: mara mapigo mawili ya haraka, kisha kimya, kisha moja zito. Nilidhani sitalala. Nilistukia harufu ya chai ya mchaichai na baharia anapuliza mkaa kwenye kasha la mchanga wanalopikia.

Siku ya pili upepo wa kaskazi ulitusukuma vizuri kwenda kusini. Njiani nahodha akamwita mvuvi mwenye ngalawa, tukanunua changu watatu na pweza mmoja kwa elfu ishirini. Fedha alitoa nahodha, kwa sababu chakula kilikuwa juu yao, na sikudaiwa hata mia. Pweza akapikwa kwa nazi. Sijala pweza laini kama yule.

Ratiba ya dalali ilisema tufike Songo Mnara saa tano asubuhi. Ratiba ile iliandikwa na mtu asiyeangalia mwezi. Zilikuwa siku za bamvua, na saa tano maji yalikuwa yamekupwa mbali, mikoko imesimama juu ya mizizi yake mitupu. Nahodha alitupa hiari: tungoje hadi saa kumi maji yajae, au tushuke tutembee. Tukashuka. Tope hadi magotini, vuguvugu juu na baridi chini, na ukichomoa mguu shimo linajaa maji kabla hujaweka mwingine. Baharia alitangulia na mti akipima, katibu amemshika mkono. Nusu saa hivi. Ukitokea upande wa pili unaukuta mji mzima wa karne ya 14 na ya 15: nyumba zenye vyumba vya ndani na vishubaka ukutani, misikiti, ukuta wa mji, na mibuyu imeota katikati. Tulikuwa peke yetu na baharia aliyetuongoza. Mwenyekiti alitia kiganja chake ndani ya kishubaka kimoja, akakiacha humo kwa muda.

Choo ni kasha lililoning'inizwa nyuma kwenye tezi, limezungushiwa turubai. Ni safi, lakini dalali alituambia tu "choo kipo". Mama mwenye magoti mabovu ataona taabu kupanda pale usiku, na tulistahili kuambiwa. Chukua kanga mbili za ziada.

Kurudi upepo ulikuwa usoni, injini ikaunguruma karibu njia yote. Tulipofika dalali alitaka elfu themanini ya mafuta. Nikafungua daftari: mkataba unasema mafuta ni juu yao, sahihi yake ipo. Hatukulipa.

Kwa jahazi, mabaharia na chakula ninatoa nyota tano. Kwa aliyetuuzia, moja. Mwenyekiti ameshaweka Mafia kwenye ajenda ya Januari, tukawaone papa potwe, na kikao kimekubali kwamba safari hii fedha atapewa nahodha mkononi.