White Pony ya Deftones: jalada la kijivu au jeupe?

Ukiitafuta albamu hii ya Deftones, bendi ya metali ya Marekani, utakutana na matoleo mawili, na kinachoyatenganisha hasa ni wimbo wa kwanza.

La kijivu lilitoka Juni 2000, likaanzia nafasi ya 3 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Linafungua na "Feiticeira": gitaa linakwaruza, mwimbaji Chino Moreno anaimba kama mtu aliyetekwa, na hakuna aliyekuandaa.

La jeupe lilifuata Oktoba mwaka uleule. Kampuni ya rekodi ilitaka kibao cha redioni, basi bendi ikachukua kiitikio cha "Pink Maggit", wimbo unaofunga albamu, ikakitia mistari ya kurap na kukiita "Back to School". Kikawekwa mwanzoni. Kibaya? Hapana, mimi mwenyewe hutikisa kichwa. Ila "Pink Maggit" ni safari ya zaidi ya dakika 7, inaanza kwa gitaa pweke na sauti ya chini hadi ukuta wa kelele unapokuangukia. Kwenye la jeupe, kiitikio chake umeshakizoea tangu mwanzo. Moreno amewahi kusema anajutia kukubali.

Mengine ni yaleyale: "Passenger" inayomshirikisha Maynard James Keenan wa bendi ya Tool, na "Elite" iliyobeba Grammy ya metali mwaka 2001, ingawa kwangu ndiyo ninayoiruka mara nyingi.

Nachagua la kijivu. La jeupe ukilikuta kwa bei nzuri, lichukue tu, uanzie wimbo wa pili.