Bima ya afya ya kazini: homa wanalipa, upasuaji wanakuzungusha

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za zahanati.

Ni bima binafsi tuliyokatiwa na mwajiri hapa Dodoma. Kampuni siitaji kwa sababu madai yangu hayajafungwa. Kwa maradhi madogo sina neno. Mtoto akichemka usiku, asubuhi unampeleka zahanati ya Kisasa au Area C, unatoa kadi, anapimwa, mnapewa dawa na kuondoka bila kutoa hata mia. Machi 2024, hospitali binafsi zilipogomea kadi za NHIF, bima ya afya ya serikali, kwa ajili ya kitita kipya cha bei za matibabu, sisi wa bima binafsi tulijiona tumepata.

Kisha mume wangu akatakiwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Hospitali ikaomba kibali cha kampuni ya bima, tukakaa kwenye benchi kusubiri. Dada wa dirisha la bima, masikini, kila tukimuuliza anatugeuzia kompyuta tujionee wenyewe: "Inasubiri." Ukipiga huduma kwa wateja, unachezewa muziki mpaka salio linakata. Alasiri jibu likaja: ombi limekataliwa, eti ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima. Daktari alishangaa, maana kwenye ripoti aliandika wazi kwamba dalili zimeanza mwezi ule ule. Maumivu nayo hayangoji barua. Tukachangishana ndugu, tukalipa laki tisa na ushee taslimu ili tudai kurudishiwa.

Kudai nako ni kazi ya pili. Unapeleka fomu, wanataka muhuri wa hospitali. Unapeleka muhuri, wanataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Risiti ikakataliwa kwa kuwa ina jina langu, si la mgonjwa. Walitaka aliyetundikiwa dripu ndiye apange foleni ya malipo? Mwisho ikaja barua ya mistari miwili: matibabu hayo "hayamo kwenye masharti ya bima yako". Kifungu gani, hawakusema.

Wafanyakazi tunapewa kadi tu. Mkataba unabaki kwa afisa utumishi, na sidhani kama kuna aliyewahi kuuomba. Nikauomba, nikausoma wote. Ukurasa wa sita unasema wanachama wa kundi letu wanalipiwa hata magonjwa ya awali. Yaani hata kama ngiri ingekuwa ya tangu utotoni, walipaswa kulipa.

Najua wizi upo. Kuna kadi moja inatibu mtaa mzima, na kuna hospitali zinazojaza vipimo ambavyo mgonjwa hakupimwa. Kampuni ina haki ya kukagua. Lakini kukagua ni kusoma faili, na aliyeandika ile barua hakuwa amesoma hata mkataba wa kampuni yake.

Kama yamekukuta haya, dai wakuandikie namba ya kifungu walichotumia kukataa. Bima binafsi zinasimamiwa na TIRA, mamlaka ya serikali ya bima, na makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma. Andika barua, ambatanisha nakala. Ikishindikana yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye hamtozi mlalamikaji.

Mimi nimeshapeleka TIRA, na ukurasa wa sita nimeupigia mstari. Haukupita muda kampuni ikanipigia yenyewe, kwa sauti ya upole kweli kweli, kuniambia faili langu linapitiwa upya. Hela bado haijaingia. Ikiingia naongeza nyota moja, zaidi ya hapo hapana.