Kitanda cha kamba ya katani kwa joto la Tanga: kinafaa sana, lakini kagua uwambaji kabla ya kulipa

Kwa anayelala Tanga kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma na usiku haupoi, kitanda cha kamba kilichowambwa vizuri ni bora kuliko kitanda cha chaga chenye godoro la sponji la inchi 8. Wengi wamekisukuma barazani, kikawa cha kuanikia nguo na kukalia wageni. Kirudishwe chumbani, na sababu yake imo katika namna mwili unavyolala.

Mwili una saa yake. Kundi dogo la seli ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, hupokea habari za mwanga na kuutangazia mwili kama ni usiku au mchana. Tanga ipo nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa ya mwaka haifiki saa moja, kwa hiyo mwanga hautusumbui kama unavyowasumbua watu wa Ulaya. Kinachotusumbua ni joto. Kuanzia jioni saa hiyo ya mwili hushusha joto la ndani: damu nyingi husogezwa kwenye ngozi, hasa viganjani na nyayoni, ili joto litoke. Linashuka kwa nyuzi 1 hivi tu, na hufikia chini kabisa kama saa mbili kabla ya mtu kuamka, yaani alfajiri, kwenye saa kumi. Joto hilo likikosa pa kutokea, usingizi hukawia kuja, na ukija haukai.

Usingizi nao huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Usingizi mzito hujaa theluthi ya kwanza ya usiku. Usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope, na ambao Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliuandika mwaka 1953, hurefuka kadiri kunavyopambazuka. Na katika usingizi huo mwili hulegeza udhibiti wake wa joto. Jasho halitoki ipasavyo. Ndiyo maana mtu aliyelala fofofo saa nne usiku juu ya sponji nene huanza kugaagaa kuanzia saa tisa. Sponji imeshakusanya joto la mgongo wake, haipitishi hewa, na unyevu wa bahari hauachi jasho likauke. Kwenye vyumba vya matofali ya saruji, kama vilivyo vingi vya mtaa wa Ngamiani, kuta nazo huendelea kutoa joto la mchana hadi usiku wa manane. Anayekaa Raskazone, mtaa wa ufukweni, upepo ukimwingilia dirishani moja kwa moja, ataona tofauti ndogo zaidi baina ya vitanda hivi viwili.

Kitanda cha kamba hufungua upande wa chini wa mwili, ambao sponji huufunga. Hewa hupita kati ya nyuzi, jasho la mgongoni hukauka, na feni iliyowekwa chini karibu na sakafu hufanya kazi kuliko ya juu ya dari, kwa sababu upepo wake hupita chini ya kamba.

Sasa kamba. Vitanda hivi ni vya zamani kuliko mkonge wenyewe hapa kwetu, mmea unaotoa katani: Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alileta miche kutoka Florida mwaka 1893, ikasalimika 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kabla ya hapo watu wa pwani waliwamba kwa ukindu na kwa usumba wa makumbi ya nazi. Usumba haujali maji, lakini hunyumbuka, na kitanda chake hulegea upesi. Ukindu ni laini mwilini, ila hauna nguvu ya kubeba watu wazima wawili kwa miaka. Kamba ya manila, ile ya plastiki ambayo mafundi huipendekeza kwa kuwa ni rahisi, tunaikataa kabisa: huendelea kurefuka taratibu chini ya uzito, fundo lake huteleza, na hainywi jasho. Katani hurefuka kidogo, hushika fundo, na hunyonya unyevu wa ngozi kisha kuuachia hewani.

Udhaifu wa katani ni kwamba ikilowa hunenepa na kufupika, ikikauka hulegea. Fundi asiyejua huiloweka, akaiwamba ikiwa mbichi ili iwe laini mikononi. Wiki ya pili kitanda kimekuwa bembea. Namna sahihi ni kuiloweka usiku kucha, kuitandaza ikiwa imevutwa kwa nguvu kati ya miti miwili hadi ikauke kabisa, ndipo iwambwe. Mvuto huo hutoa urefu wote wa bure uliomo katika msokoto. Hata hivyo tarajia kitanda kukaza kidogo masika na kulegea kidogo kiangazi. Kwa hiyo mwambie fundi aache shubiri moja miguuni bila kusuka, aifunge kwa kamba ya pekee inayoweza kufunguliwa na kuvutwa upya. Kitanda kisicho na nafasi hiyo kikilegea hakina dawa ila kuwambwa upya chote.

Kiasi cha kamba kinahesabika, na ni vizuri ukahesabu mwenyewe kabla ya kuagiza. Kitanda cha futi 3 na nusu kwa 6, nyuzi zikiachana inchi 2, kina nyuzi 36 za kukata upana na 21 za urefu. Kila upande unachukua futi 126, jumla futi 252, kama mita 77. Ongeza za kuzungushia mifumbati, yaani mbao za pembeni, na za mafundo, nunua mita 90. Unene uwe milimita 6 hadi 8. Nyembamba zaidi hukata ngozi, nene zaidi huacha vifundo vinavyoumiza mbavu. Nyuzi zikiachana inchi 1, kitanda huwa laini zaidi na kamba huwa karibu mara mbili, lakini hewa hupungua. Kwa Tanga tunaona inchi 2 inatosha ukitandika mkeka.

Mbao ndizo zinazosahaulika. Kamba zote hizo huvuta mifumbati kuelekea ndani usiku na mchana, na mfumbati mwembamba hujikunja hadi kitanda kikawa na kiuno. Usikubali chini ya inchi 3 kwa 3. Mtiki wa Longuza, shamba la mitiki la Muheza, unafaa, na mninga pia. Mwembe huliwa na wadudu. Angalia ulimi wa mfumbati unavyoingia kwenye tundu la tendegu, yaani mguu wa kitanda: uingie kwa kubana, bila msumari. Penye msumari, mbao hupasuka hapo hapo kamba inapokazwa. Kisha lala katikati kwa dakika 10. Kiuno kikizama zaidi ya upana wa kiganja chini ya usawa wa mifumbati, mrudishie fundi.

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika baada ya kununua: mtu huchukua godoro lake la sponji akalilaza juu ya kamba. Hapo amenunua chaga za bei kubwa. Tandika mkeka wa ukindu, halafu godoro jembamba la sufi, inchi 2, au 3 kwa mwenye mifupa inayoumia. Sufi ni nyepesi, kila unyuzi ni mrija uliojaa hewa, na hauloani upesi. Lakini hewa hiyo hiyo huhifadhi joto, kwa hiyo godoro nene la sufi halina nafuu kubwa juu ya sponji. Lianikwe juani kila wiki na kupigwapigwa, maana sufi hujikusanya mabonge. Baada ya muda lifumuliwe, sufi ichambuliwe na kurudishwa. Na iwekwe mbali kabisa na mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma. Sufi hushika moto kwa kasi ya kutisha.

Kuhusu mbu, onyo. Kwenye kitanda cha chaga watu huchomeka chandarua chini ya godoro na kumaliza. Kwenye kamba, mbu hupita chini na kukuuma kupitia nafasi za nyuzi popote ambapo mkeka na godoro havijafunika, na mbu wa malaria huuma zaidi usiku mkubwa hadi karibu na alfajiri. Chandarua kifike sakafuni pande zote nne. Kunguni nao hupenda makutano ya kamba na matundu ya matendegu. Maji yanayochemka yamiminwe kwenye viungo asubuhi ya jua kali, kitanda kibaki nje hadi kikauke. Kamba italegea baada ya hapo, uikaze.

Hakimfai kila mtu. Wawili wenye uzito tofauti huviringikiana katikati, hata kikiwambwa na fundi hodari. Mwenye maumivu ya kiuno yasiyoisha abaki na chaga na atafute godoro gumu la pamba. Mtoto mchanga asilazwe hapo peke yake. Kamba mpya huwasha. Isuguliwe kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, nywele zinazobaki zikatwe kwa mkasi.

Kwa usingizi wa mchana hakina mshindani. Kati ya saa saba na saa tisa uchangamfu wa mwili hushuka tena kwa mpango wa saa ile ile ya ndani, hata kwa ambaye hakula wali, na aliyeamka kwa adhana ya alfajiri huuhisi zaidi. Kitanda kiwe barazani kivulini, kichwa mchagoni upande upepo unakotoka, dakika 20 hadi 30. Ukipita hapo unazama kwenye usingizi mzito, na kuamshwa humo huacha kichwa kizito mpaka alasiri.

Kusi inapovuma, hasa Juni hadi Agosti, upepo wa chini unaweza kumwamsha mtu alfajiri kwa baridi, saa zile joto la mwili liko chini kabisa. Ongeza mkeka wa pili chini ya godoro, au blanketi lililokunjwa kuanzia kiunoni hadi nyayoni, na uliondoe kaskazi itakaporudi.