Siku Mbili za Kufinyanga Ikombe, kwa Mwenye Wasiwasi

Nilifika Ikombe, kijiji cha Wakisi kando ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela, baada ya miezi kadhaa ya kulala mang'amung'amu na moyo kwenda mbio bila sababu. Vyungu vya huko nilikuwa nimevinunua mara nyingi katika soko la Lyulilo, karibu na Matema, lakini sikujua kwamba mgeni anaweza kuketi na wafinyanzi wenyewe akafundishwa.

Mama aliyetupokea hakuniuliza habari za maradhi yangu. Alinipa donge la udongo akasema, "Kanda kwanza, mwanangu. Usikimbilie chungu." Hapo ndipo ilipo thamani ya mafunzo haya, kwa kuwa udongo haumfichi mwenye hofu: kila nilipokaza vidole ukuta ulipinda, na haukunyooka mpaka nilipolegeza mabega, nikapumua, nikakizungusha chungu taratibu kama alivyonionyesha. Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kusugua kwa kokoto laini, ambayo huijaza mikono na kuiacha akili itulie. Jioni ile nilitambua kwamba simu sikuigusa tangu asubuhi.

Chungu changu kilikwenda upande, wala halikuniumiza hilo. Utafiti wa Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kufanya sanaa, udongo ukiwa miongoni mwa vifaa vyao, na takriban asilimia 75 yao walipungukiwa na kotisoli, homoni ya msongo, wawe wamewahi kufanya sanaa au la. Hata hivyo, dawa nilizoandikiwa na daktari sikuziacha, na sitamshauri mtu yeyote aziache.

Lawama yangu ni kwa aliyetupangia safari, ambaye alituahidi kwamba tungeondoka na vyungu vyetu siku ya pili. Chungu kisichokauka kikitiwa motoni hupasuka, na ukaushaji hauharakishwi, kwa hiyo nilikiacha changu kibichi kivulini, jambo ambalo kwa mtu mwenye wasiwasi si dogo. Mwenye maumivu ya mgongo naye aende na kigoda, kwa maana kazi yote hufanyika chini. Mimi nitarudi kwa wiki nzima, nikione kikichomwa.