Picha ya ndani ya jicho: lipia tu, ila uliza bei kabla hujaweka kidevu

Nilimpeleka bi mkubwa kliniki moja ya macho hapa Dar, jina naliacha, maana miwani yake ya kusomea ilikuwa haimsaidii tena. Nikajua tutasoma zile herufi za ukutani, tunalipa, tunasepa. Wakauliza ana sukari? Nikasema ndio, mwaka wa 9 huu, basi dada wa pale akasema apigwe na picha ya retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho, mi nikadhani imo humo humo kwenye hela ya vipimo kumbe wapi, kufika dirishani naambiwa kuna 40,000 ya pembeni. Niliwaka kidogo, wangesema mapema bwana.

Picha yenyewe haiumi. Unaweka kidevu, paji linagusa mkanda, unakodolea kitaa cha kijani, "mama usipepese", pwaa! mwanga. Akawa anaona doa la zambarau kila akigeuka, anacheka mwenyewe. Jicho la kulia likatoka safi, rangi ya chungwa, mishipa imetawanyika kama mito kwenye ramani. La kushoto ukungu mtupu, kumbe mtoto wa jicho kaanza kuingia, kamera haipenyi vizuri, ikabidi awekewe matone ya kupanua mboni tukakaa kama nusu saa. Na hawakutuambia tuje na miwani ya jua! Saa saba mchana bi mkubwa kajifunika khanga usoni mpaka kwenye bajaji, meseji hakuweza kusoma hadi jioni.

Ila daktari nampa 5 kwa 5. Alikuza picha akatuonyesha vidoti vyekundu vitatu hivi, vidogoo, akasema ni vimishipa vimeanza kuvimba kwa ajili ya sukari, na mama wa watu hasikii maumivu wala nini. Tiba ya leza bado, ashushe sukari na presha, mwakani apigwe tena walinganishe na hizi. Hapo ndo nikaelewa 40,000 yangu imeenda wapi. Akasema pia tusijidanganye picha inatosha, kamera yao inachukua katikati tu, pembeni huko lazima achungulie mwenyewe.

Nakala hawatoi mpaka uombe, mi nilikomaa wakanirushia WhatsApp.

Miwani sasa, iliyotupeleka, hatujapata. Kasema sukari itulie kwanza, ikiwa inapanda na kushuka na namba ya miwani nayo inahamahama.