Bunduki ya Mtutu wa Inchi 20 katika Vichaka vya Maswa
Baada ya kuwinda kwa leseni misimu kadhaa nikiwa na bunduki ya mtutu wa inchi 24, safari hii niliondoka Mwanza kuelekea Pori la Akiba la Maswa na yenye mtutu wa inchi 20, ya risasi za .308 Winchester. Kwenye vichaka vya migunga, ambako mtutu mrefu hunasa kila tawi, niliifikisha begani kabla ngiri hajageuka.

Wanaohofia kuwa mtutu mfupi hupunguza kasi ya risasi watulie: kila inchi inayopungua huondoa takriban mita 6 kwa sekunde, kwa kuwa gesi ya baruti hupata nafasi fupi zaidi ya kuisukuma risasi, na kwa umbali wa mita 150 hasara hiyo sikuiona kabisa. Shabaha nayo haiharibiki, kwani mtutu mfupi wenye unene uleule hautikisiki sana kama mrefu.

Kero yake ni mlio. Ni mkali mno, na wakati wa magharibi mwali wa moto hutoka mdomoni mwa mtutu ukafifisha macho, hivyo vizibo vya masikio ni vya lazima. Kwa risasi zenye baruti nyingi, kama .300 Winchester Magnum, nisingeukata mtutu kiasi hiki.